Uzamili wa Muziki Ukitokea Mtwara au Lindi: Kozi Zinazochanganywa na Vigezo Vyake

Ukikaa na wanamuziki wa huku Kusini, wawe walimu wa kwaya wa Masasi baada ya mazoezi au vijana wa studio za Chikongola wanaosubiri umeme urudi, haipiti muda kabla mmoja hajauliza: "Hivi mtu akitaka kusoma masta ya muziki anaenda wapi?" Linaulizwa kana kwamba masta ya muziki ni kitu kimoja, na kazi iliyobaki ni kuchagua nchi. Hapo ndipo watu wanapopotea. Mpiga kinanda, mwalimu wa somo la muziki, mtafiti wa ngoma za Kimakonde na prodyuza wanaweza kuvaa joho siku moja, ila walisoma vitu visivyofanana, walipimwa kwa vipimo tofauti walipoomba, na vyeti vyao vinawapeleka kwenye kazi tofauti. Anayeanza na nchi huishia kuomba kozi isiyo yake, anakataliwa, kisha anasema wazungu wana ubaguzi. Wakati mwingine wanao. Mara nyingi zaidi alituma kitu ambacho hakikuombwa.

Tuanze na ngazi, kwa sababu mkanganyiko mwingi unaanzia kwenye vyeti. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa, ambayo wengi bado wanaiita Chuo cha Sanaa, inajulikana kwa kozi zake za astashahada na stashahada. Aliyetoka pale anaweza kumshinda kwa mbali mtu mwenye digrii akishika ngoma au marimba, lakini kwa ofisi ya udahili bado hajaufikia uzamili. Anatakiwa kwanza asome shahada ya kwanza, na stashahada ile inaweza kumwingiza huko. Juu ya shahada ya kwanza kuna stashahada ya uzamili, kwa kawaida ya mwaka mmoja. Inayojulikana zaidi ni ile ya ualimu, wanayosoma wenye shahada isiyo ya ualimu wakitaka kuingia darasani. Halafu uzamili wenyewe, halafu uzamivu. Tangazo la stashahada ya uzamili likipita kwenye magrupu ya WhatsApp utawaona wenye stashahada ya kawaida wakilichangamkia. Haliwahusu.

Kundi jingine la vyeti ni mitihani ya muziki ya bodi za Uingereza, ABRSM na Trinity, ambayo wapiga kinanda wetu wanaijua kwa gredi. Gredi ya 8 ni kazi ya miaka na anayeipata anastahili heshima. Hata hivyo, katika mfumo wa Uingereza yenyewe gredi ya 8 iko ngazi ya 3, sawa na masomo ya kumalizia sekondari, wakati shahada ya kwanza iko ngazi ya 6 na uzamili ngazi ya 7. Trinity ina diploma za juu: ATCL ngazi ya 4, LTCL ngazi ya 6, FTCL ngazi ya 7. FTCL ina ugumu wa uzamili lakini si shahada, na huipeleki kazini ukasema una masta. Faida yake ni kwamba mkuu wa idara aliye Nairobi au Leeds anakijua kipimo hicho, kwa hiyo anajua umefika wapi bila kukusikia.

Kwa mtu wa Mtwara kuna nafuu hapa. Tangu 2020 ABRSM ina mitihani ya kupiga kwa video: vipande vinne mfululizo, kwenye video moja isiyokatwa, unaituma. Nadharia ya gredi ya 1 hadi ya 5 nayo inafanyika mtandaoni. Hulazimiki tena kupanda basi zaidi ya kilomita 550 hadi Dar es Salaam kwa mtihani wa dakika chache. Ila ili ufanye gredi ya 6 na kuendelea, sharti la kawaida ni uwe umefaulu nadharia ya gredi ya 5, na wengi wetu hukwama hapo huku vidole viko tayari.

Sasa mtu ninayemwona mara nyingi zaidi: amesoma shahada ya ualimu, tuseme pale chuo cha Stella Maris, Mtwara, kwa Kiswahili na Historia, anafundisha sekondari, na Jumapili anapiga kinanda au anasimamisha kwaya ya sauti nne. Muziki anaujua, lakini hakuna cheti kinachosema anaujua. Je, anaweza kwenda uzamili wa muziki bila kurudi shahada ya kwanza, pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au Tumaini Makumira kule Arusha? Inategemea ni uzamili upi. Ndiyo maana inabidi tuzitenganishe kozi.

Uzamili wa kupiga ala au kuimba ndio wengi wanaoufikiria kwanza, na kwa maoni yangu ndio unaotufaa wachache zaidi. Hapa kinachopima ni usaili wa kupiga. Kabla ya kuitwa unatuma rekodi, na orodha ya vipande mara nyingi imeshapangwa: kipande cha zama hizi, kipande cha zama zile, chenye kasi, cha taratibu. Unashindana na watu walioanza fidla wakiwa na miaka mitano. Aliyeanza kinanda kanisani akiwa kidato cha tatu anaweza kuwa mwanamuziki mzuri sana na bado asifue dafu kwenye usaili huo. Kipaji anacho, miaka ya kukaa kwenye kiti ndiyo iliyopungua. Marekani njia hii inakwenda hadi shahada ya uzamivu ya upigaji, DMA. Tofauti ya kutazamwa ni kozi ya Global Music ya Sibelius Academy mjini Helsinki, inayowakutanisha wapigaji wa mila mbalimbali. Mpiga malimba au zeze hapo ana la kuonyesha ambalo aliyekulia kwenye fidla hana. Utunzi una sheria zake, nao hupimwa kwa kazi zilizoandikwa kwenye nota, pamoja na rekodi zake.

Njia ya utafiti, yaani muzikolojia (taaluma ya kuuchunguza muziki na historia yake) na ethnomuzikolojia (kuuchunguza muziki ndani ya jamii inayoupiga), ni habari nyingine kabisa, na hapa mtu wa Kusini ana mtaji asioujua. Mwaka 1906 Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho kutoka Leipzig, aliingia kwa Lindi akapanda hadi Masasi na Newala akiwa na fonografu, mashine ya kurekodi sauti kwenye mirija ya nta. Alirekodi nyimbo za watu wa huku, Wayao, Wamakua na Wamakonde. Rekodi hizo ziko Berlin, kwenye hifadhi ya sauti iitwayo Phonogramm-Archiv, iliyoanzishwa mwaka 1900 na kuingizwa na UNESCO kwenye orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1999. Fikiria hali ilivyokuwa: vita vya Maji Maji vilianza 1905, na huyu bwana anapita na msafara na mashine yake nchi haijatulia. Waliomwimbia waliimba kwa hiari? Waliimba walichozoea kuimba, au walichodhani Mdachi anataka kusikia? Na wajukuu wa Newala wakizisikia leo, watazitambua?

Hiyo ni mada ya uzamili iliyokamilika. Anayeweza kuifanya vizuri ni mtu anayesikia Kimakonde au Kiyao bila mkalimani na anayejua amkie nani kwanza akifika kijijini. Hapa shahada ya Kiswahili na Historia si kikwazo. Kozi nyingi za ethnomuzikolojia hupokea watu wa historia, fasihi, anthropolojia, mradi waonyeshe wanauelewa muziki. Kipimo kikuu ni andiko la utafiti na sampuli ya maandishi yako ya kitaaluma. Andiko la kurasa mbili lenye swali moja lililo wazi lina uzito kuliko rekodi kumi za kwaya.

Kwa mahali, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ndicho cha kutazama kwanza. Profesa Imani Sanga wa pale, kwa mfano, ameandika sana kuhusu muziki wa injili na kwaya za Tanzania. Makerere wana hifadhi ya muziki yenye jina la Klaus Wachsmann, aliyerekodi sana Uganda. Afrika Kusini, Chuo Kikuu cha Rhodes kilichoko Makhanda ndicho chenye ILAM, maktaba ya muziki wa Afrika iliyoanzishwa na Hugh Tracey mwaka 1954, na KwaZulu-Natal nao wana jina katika fani hii. Ghana, chuo cha Legon kilijengewa misingi ya fani hii na J. H. Kwabena Nketia. Unapochagua, tazama msimamizi kuliko jina la chuo. Soma makala zake mbili, kisha mwandikie barua pepe fupi umweleze swali lako. Kama hajibu baada ya wiki kadhaa, mwandikie tena mara moja, halafu songa mbele.

Kitu kimoja hapa kinahitaji akili ya nyumbani. Nyimbo za unyago na jando ndizo kila mgeni anazitaka, na baadhi yake si za kutoka nje ya kumbi. Kamati ya maadili ya chuo itakuuliza kuhusu ridhaa kwa karatasi. Kungwi atakuuliza kwa namna nyingine, na ridhaa yake ndiyo ngumu kupata. Ukisoma nje kisha ukaja kufanya utafiti huku, jiandae pia kuulizwa kibali cha utafiti. Mlango wa kawaida ni COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Usikiache hadi wiki ya mwisho.

Ualimu wa muziki sasa una sababu mpya ya kufikiriwa. Mtaala mpya ulioanza kutekelezwa Januari 2024 umeleta somo la Sanaa na Michezo shule za msingi, na sekondari kuna mkondo wa amali. Walimu waliotayarishwa kufundisha sanaa ni wachache, na shule nyingi za Nachingwea au Tandahimba hazina hata kibodi moja. Uzamili wa elimu ya muziki unashughulika na maswali ya namna hiyo: mtoto anajifunzaje mdundo, umpimeje, ufundishe nini pasipo na ala, mwalimu asiye mwanamuziki afanyeje.

Watu wa kwaya wana kitu kingine wasichokijua kuwa wanacho. Kwaya zetu nyingi zinasoma solfa: d, r, m, f, s, l, t, na nukta na mistari ya kugawa mapigo. Mfumo huo ulienezwa na John Curwen kule Uingereza katika karne ya 19, na wamisionari wakausambaza. Zoltán Kodály wa Hungaria alipojenga njia yake ya kufundisha watoto alichukua solfa ileile ya "do" inayohama, yaani "do" inayofuata ufunguo wa wimbo, pamoja na ishara za mikono za Curwen, akasisitiza kwamba mtoto aanze kwa sauti yake mwenyewe na nyimbo za lugha ya mama, kabla ya ala yoyote. Taasisi ya Kodály iko Kecskemét tangu 1975, chini ya chuo cha muziki cha Liszt, na inatoa uzamili. Kwa hiyo mwalimu wa kwaya wa Ndanda anayemwandikia soprano "s : m" ubaoni, akasikia nusu toni ikikosewa na sauti ya tatu iliyo nyuma kabisa, tayari ana sikio ambalo kozi ile inalitafuta. Kinachompungukia ni nota za mistari mitano, maana majaribio ya kuingilia huandikwa kwa nota hizo, si kwa solfa. Ni kazi ya miezi ya kukaa nayo kila jioni, na programu ya MuseScore, ambayo ni ya bure, inakuchezea ulichoandika ukisikie.

Karibu na nyumbani, Chuo Kikuu cha Kenyatta jijini Nairobi na Kabarak kule Nakuru ndio wa kuangaliwa, na Ghana kuna Chuo Kikuu cha Elimu cha Winneba. Mwenye shahada ya ualimu na ushahidi wa kufundisha muziki ana nafasi nzuri zaidi kwenye njia hii kuliko kwenye upigaji. Ila jihadhari na PGCE ya Uingereza. Ni cheti cha kumwandaa mwalimu wa shule za kule. Ina sehemu ya masomo ya ngazi ya uzamili lakini si uzamili. Vivyo hivyo, masta ya elimu ya muziki ya Marekani haikupi moja kwa moja leseni ya kufundisha shule za umma za kule, kwa sababu leseni hutolewa na kila jimbo kwa masharti yake.

Teknolojia ya muziki ndiko vijana wanakokimbilia, na ndiko wanakoumia zaidi, kwa sababu chini ya jina hilo kuna kozi mbili zisizofanana. Moja ni ya sikio na studio: kurekodi okestra, kupanga maiki, kumiksi, kuelewa tabia ya chumba. Uzamili wa kurekodi sauti wa McGill, Montreal, uko upande huo, na wanataka watu wenye msingi imara wa muziki na kazi za kusikilizwa. Nyingine ni uhandisi na kompyuta. Queen Mary ya London yenye kituo cha Centre for Digital Music, Pompeu Fabra ya Barcelona, Georgia Tech ya Atlanta, kituo cha CCRMA cha Stanford: huko unakutana na hesabu na kuandika programu tangu wiki ya kwanza. Edinburgh wana kozi ya akustika na teknolojia ya muziki ambayo fizikia ndiyo uti wake wa mgongo.

Prodyuza wa Chikongola anayetengeneza biti nzuri kwenye programu ya FL Studio akituma biti hizo kwa kozi ya upande wa pili, hawajui wamweke wapi. Wanaulizia jinsi sauti inavyogeuka namba. CD inachukua sampuli 44,100 kwa sekunde, kwa sababu ili kunasa mtetemo lazima uchukue sampuli zaidi ya maradufu ya kasi yake, na sikio la binadamu linaishia karibu na mitetemo 20,000 kwa sekunde. Kutoka hapo unaingia kwenye hesabu za Fourier, zinazochambua sauti moja nzito kuwa mitetemo midogo iliyoijenga. Asiyependa hesabu ataiona kozi hiyo kama adhabu, na ni heri alijue hilo kabla ya kulipa ada.

Anayezipenda, lakini, ana maswali tele hapa nyumbani. Ipe programu ya kutambua kasi ya wimbo singeli inayokwenda mapigo 200 na kitu kwa dakika, mara nyingi itakujibu nusu yake. Programu hizo zilifunzwa kwa muziki wa kasi nyingine, na mashine haina namna ya kujua mchezaji wa singeli anahesabu wapi. Sasa chukua ngoma tatu za Kimakonde, kila mpigaji na pigo lake, yanaingiliana hadi sikio linasikia pigo la nne ambalo hakuna anayelipiga. Uzitenganishe vipi? Miaka ya 1970, Simha Arom alipokuwa akitafiti Jamhuri ya Afrika ya Kati, alikuwa anarekodi kundi zima kwanza, kisha anamvalisha mpigaji mmoja mmoja spika za masikioni, asikie ile rekodi ya pamoja huku akipiga sehemu yake peke yake kwenye mkanda mwingine. Leo unaweza kuweka maiki kwenye kila ngoma na kuzirekodi zote kwa mpigo, lakini maiki ya ngoma kubwa bado itanasa na zile ndogo zilizo pembeni, na kuzichuja hizo ni tatizo la kihandisi lenye hadhi ya tasnifu. Mtu mwenye shahada ya uhandisi au kompyuta aliyekulia kwenye ngoma au kwaya ana hoja yenye nguvu kuliko prodyuza maarufu.

Kabla hujaomba, jipime bure. Pakua Sonic Visualiser, programu iliyotengenezwa hapohapo Queen Mary, fungua ndani yake rekodi ya ngoma uliyochukua kwa simu, utazame mapigo yakichorwa. Jaribu Pure Data, ambayo nayo ni ya bure, ujenge sauti kutoka sifuri. Kama baada ya mwezi bado una hamu, hii ni njia yako. Kama ulichotaka ni vyombo vya kisasa na jina la studio ya Ulaya, kozi fupi ya uhandisi wa sauti itakufaa zaidi na kwa hela kidogo.

Ukishajua unaelekea wapi, yapo mambo ya kiofisi yanayowaangusha watu. GPA yetu, yaani wastani wa alama za chuo, inahesabiwa hadi 5: daraja la kwanza linaanzia 4.4, la pili la juu 3.5, la pili la chini 2.7. Marekani wanahesabu hadi 4. Ukiandika 3.8 bila kusema ni kati ya ngapi, atakayesoma atadhani ni ya juu sana, na cheti kitakapofika utaonekana umedanganya. Andika "3.8 kati ya 5.0" kila mahali.

Afrika Kusini wana mwaka wa Honours kati ya shahada ya kwanza ya miaka mitatu na uzamili. Mtanzania mwenye shahada ya miaka mitatu hujikuta anaambiwa aanze na huo, na anayepanga bajeti ya miaka miwili anajikuta na mitatu. Uingereza uzamili wa kawaida ni mwaka mmoja. Bara la Ulaya na Marekani aghalabu ni miwili. Mwaka mmoja unaonekana nafuu, ila ukienda kwa upigaji au teknolojia unafika Septemba, na ikifika Pasaka unaandika tasnifu. Kwa mtu anayehitaji muda wa kuziba mapengo ya nadharia au hesabu, miwili ni bora.

Maombi ya uzamili hupelekwa chuoni moja kwa moja. Ukisoma nje, cheti chako kitapitia TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, kitambuliwe ukirudi, kwa hiyo hakikisha chuo kinatambulika na serikali ya nchi yake kabla hujalipa hata shilingi. Vyuo vya mtandaoni vinavyotoa masta kwa miezi sita na udhamini wa nusu bei vipo vingi. Viache.

Pesa. Bodi ya Mikopo hutazama zaidi shahada ya kwanza, kwa hiyo usiifanye nguzo ya mpango wako. Ujerumani vyuo vingi vya umma havitozi ada, ila jimbo la Baden-Württemberg, lenye vyuo vya muziki vya Stuttgart, Freiburg, Karlsruhe, Mannheim na Trossingen, linawatoza wanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Hata pasipo na ada, viza inataka uonyeshe fedha za kujikimu. Tangu Septemba 2024 kiwango cha akaunti ya zuio, yaani akaunti ambayo fedha zake unazitoa kidogo kidogo kila mwezi, ni euro 11,904 kwa mwaka. Na kozi nyingi za vyuo vya muziki vya kule zinafundishwa kwa Kijerumani.

Kwa ufadhili, angalia unachoomba kinaendana na anayetoa. Commonwealth Scholarship, ufadhili wa Uingereza kwa nchi za Jumuiya ya Madola, hutolewa kwa mada za maendeleo. Anayeomba kwenda kupiga piano atapata shida kuijaza fomu ile, lakini mwenye mpango wa kuwaandaa walimu wa Sanaa na Michezo wa Lindi, au wa teknolojia ya kuhifadhi rekodi za zamani, ana la kuandika. Chevening, ufadhili mwingine wa serikali ya Uingereza, wanataka uzoefu wa kazi wa angalau miaka miwili, wanaouhesabu kama saa 2,800, na unaahidi kurudi nyumbani kwa miaka miwili. Kazi ya kwaya isiyo na malipo inaweza kuhesabika ukiwa na barua za kuithibitisha, hivyo anza kuziomba sasa kwa paroko au mchungaji. DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, wana ufadhili wa wanamuziki unaopimwa kwa rekodi, na Fulbright ni ufadhili wa wanaokwenda Marekani.

Kuna jambo la kalenda ambalo mtu wa Dar es Salaam hatalifikiria. Madirisha ya Chevening na Commonwealth hufunguliwa kati ya Agosti na Oktoba, mengine yakigusa Novemba. Minada ya korosho nayo huanza kama Oktoba, na malipo humfikia mkulima baadaye. Kama pasipoti yako na mtihani wa Kiingereza vinategemea korosho za nyumbani, msimu wa mwaka huu utalipia maombi ya mwaka ujao. Pasipoti, nakala za vyeti zilizothibitishwa na matokeo ya IELTS viwe mkononi kabla dirisha halijafunguliwa.

Rekodi ya usaili ndiyo inayohitaji ujanja wa mahali. Rekodi asubuhi na mapema, kabla bodaboda hazijaamka na kabla jua halijalipasha bati likaanza kupiga kelele. Zima feni. Kamera isimame sehemu moja, mikono yako na uso vionekane, na usikate popote. Mkato mmoja unawafanya wajiulize umeficha nini. Usiongeze mwangwi kwenye programu ukidhani inapendeza. Kama kinanda cha parokia kimechoka, afadhali uombe kibodi ya mtu yenye funguo 88 zenye uzito. Na wadhamini wako wawili au watatu wachague kwa wanachokijua kukuhusu, si kwa vyeo vyao. Barua ya mhadhiri aliyekusahihishia tasnifu yako ya shahada ya kwanza, hata kama ilihusu methali, itaeleza unavyofikiri. Barua ya mheshimiwa aliyekusikia ukipiga kwenye harusi itasema tu kwamba wewe ni kijana mzuri.